Kombe la 1996 ni la nani?

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita niliropoka. Niliulizwa timu yetu ya hoki ya barafu hapa Denver, Colorado Avalanche, ilitokea wapi, nikajibu haraka haraka: "Ilikuja 1995, ikachukua kombe mwaka uliofuata, basi." Kesho yake dada mmoja anayetusikiliza kutoka Quebec, ule mji wenyewe kule Canada, akanitumia ujumbe wa sauti. Wazazi wake ni watu wa Bukavu. Hakunitukana, ila alikuwa amekasirika kwa niaba ya baba yake, aliyefika Quebec kama mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 80 na kuipenda timu ya pale. "Ile kombe ni yetu," alisema. "Mulitubebea."

Nilicheka kidogo. Halafu nikakaa kusoma upya, na nilipomaliza kicheko kilikuwa kimeisha. Haya basi ndiyo majibu niliyopaswa kuyatoa kwenye kipindi. Ninyi mnaosoma Kiswahili polepole kama mimi, msiogope, tunakwenda taratibu.

Nianze na Mzee. Baba yangu ni mtu wa Tanga. Aliingia Denver mwanzoni mwa 1996, kwenye baridi, akapata kazi ya usafi wa usiku katika ofisi za mjini. Usiku wa Juni 10 mwaka huo, karibu saa tano, akasikia honi za magari barabarani, nyingi, hazikatiki, watu wametoa vichwa madirishani wanapiga kelele. Akamwambia mwenzake kazini, "Leo kuna arusi kubwa." Kwao honi za usiku namna ile zina maana hiyo tu. Mwenzake, mtu wa Mexico, akamweleza kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba timu ya hoki imechukua Kombe la Stanley. Baba akauliza hoki ni kitu gani. Mimi nilizaliwa miaka miwili baadaye, kwenye nyumba ambayo tayari ilikuwa na fulana ya Avalanche. Kwa hiyo nilikua nikijua kombe lile ni letu, kama ninavyojua jina langu.

Sasa twende Quebec.

Timu iliitwa Nordiques, yaani watu wa kaskazini. Ilijiunga na ligi ya NHL mwaka 1979, ikawa na miaka yake mizuri, halafu ikaporomoka. Kuanzia msimu wa 1987–88 ilikosa hatua ya mtoano miaka mitano mfululizo. Msimu mbaya kuliko yote ulikuwa 1989–90: katika michezo 80 walishinda 12 tu, wakafungwa 61, wakatoka sare 7. Fikiria unalipa tiketi, unatoka kwenye theluji ya Quebec mpaka uwanjani, na katika michezo saba unaona ushindi mmoja. Baba wa yule dada alikuwa miongoni mwa watu hao. Wakati huo hakuna mtu wa Denver aliyekuwa anaijua timu ile.

Lakini katika NHL kushika mkia kuna zawadi yake. Kila mwaka vijana wapya hugawiwa kwa timu kwa zamu, na enzi zile timu iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo iliyochagua wa kwanza. Zoezi hilo linaitwa drafti. Siyo drafti ya barazani, ile ya visoda vya soda, ingawa mtaona kwamba Mzee hakubaliani nami kwenye hilo. Quebec walichagua wa kwanza miaka mitatu mfululizo. 1989 wakamchukua Mats Sundin wa Sweden, Mzungu wa kwanza kutoka Ulaya kuchaguliwa namba moja. 1990 wakamchukua Owen Nolan. 1991 ikafika zamu ya Eric Lindros.

Lindros alikuwa na miaka 18, mrefu, mzito, mwepesi, na Canada nzima ilikuwa inamsubiri. Alikuwa amesema mapema kwamba Quebec hachezi. Wakamchagua hivyo hivyo. Alipopanda jukwaani alikataa kuivaa jezi yao. Wengine walisema anachukia Kifaransa, na watu wa Quebec walilichukua hilo kama tusi kwa mji mzima. Yeye baadaye alisema tatizo lake lilikuwa mwenye timu, Marcel Aubut. Vyovyote iwavyo, alikaa nje msimu mzima wa NHL, akarudi kucheza na vijana, akaenda Olimpiki ya 1992 na Canada akarudi na medali ya fedha, na Quebec wakabaki na karatasi yenye jina lake.

Hapa nisimame kidogo kwa wale mliolelewa kwenye Simba na Yanga. Kwenye soka klabu hununua mchezaji kwa hela, na mchezaji mwenyewe lazima akubaliane na klabu mpya, la sivyo haendi. Kwenye hoki ni watu kwa watu. Timu inampeleka mchezaji wake na kupokea wachezaji wengine, au haki ya kuchagua vijana miaka ijayo, na mkataba wake unahama naye. Kama mkataba hauna kipengele cha kumlinda, haulizwi. Asubuhi anapigiwa simu, jioni yuko kwenye ndege. Mke, watoto, shule, vyote vitafuata. Ndiyo maana Lindros alionekana mtoto jeuri. Alifanya kitu ambacho karibu hakuna aliyethubutu: aliwaambia wenye biashara kwamba yeye si mzigo. Nikiwa mdogo nilimwona mjinga. Siku hizi nimebadilika.

Juni 1992 Aubut akaamua kumtoa. Akafanya kituko. Alikubaliana na Philadelphia Flyers, akawapa hata namba ya simu ya Lindros ili wahakikishe kijana atakubali kwenda kwao, halafu siku hiyo hiyo akakubaliana pia na New York Rangers. Mtu mmoja kauzwa mara mbili! Kama umewahi kusikia kesi za viwanja Dar es Salaam, hadithi hii unaijua. Ikabidi aitwe msuluhishi, mwanasheria Larry Bertuzzi, asikilize mashahidi. Tarehe 30 Juni akaamua kwamba makubaliano ya Philadelphia ndiyo yaliyotangulia.

Quebec wakapata nini? Hesabu nami: golikipa Ron Hextall, mabeki Steve Duchesne na Kerry Huffman, washambuliaji Mike Ricci na Chris Simon, haki mbili za kuchagua kijana katika raundi ya kwanza, dola milioni 15 taslimu, na kijana mmoja Mswidi aliyekuwa bado kwao, Peter Forsberg. Huyo wa mwisho alikuwa amechaguliwa wa sita katika drafti ile ile ya Lindros, na wengi hawakumtilia maanani.

Mzee, ambaye Jumapili hucheza drafti ya visoda na wenzake, nilipomweleza mpango huu alitikisa kichwa kwa heshima. "Katoa kete moja," akasema, "kala ubao mzima."

Matokeo yalikuja haraka. Msimu wa 1991–92 Nordiques walimaliza na pointi 52. Msimu uliofuata, pointi 104. Mara mbili kamili.

Kwa hiyo watu husema timu ilijengwa kwa Lindros, na hata mimi nimelisema hilo kwenye kipindi zaidi ya mara moja. Ni nusu tu ya ukweli. Mchezaji bora wa timu ile, nahodha Joe Sakic, alitokana na mpango wa zamani zaidi ambao hakuna aliyeupigia kelele. Mwaka 1987 Quebec walimtoa Dale Hunter, kipenzi cha mashabiki, kwenda Washington, pamoja na golikipa Clint Malarchuk. Wakapokea wachezaji wawili na haki ya kuchagua kijana wa 15. Kijana huyo wa 15 akawa Sakic. Alikaa kwenye miaka yote ile mibovu, msimu wa ushindi 12 ukiwemo, hakuomba kuondoka.

Na sasa ndipo panapouma. Mwaka 1995 ile jahazi ilikuwa imekaa sawa. Msimu ulikuwa mfupi, michezo 48 tu, kwa sababu wenye timu walikuwa wamewafungia wachezaji milango kwa ugomvi wa mishahara. Quebec wakashinda 30, wakaongoza upande wote wa mashariki. Forsberg, ambaye hatimaye alikuwa ametoka Sweden, akatajwa mchezaji mpya bora wa ligi. Kocha Marc Crawford akatajwa kocha bora. Wakatolewa na Rangers katika raundi ya kwanza, lakini kila mwenye macho aliona kinachokuja.

Kilichokuja ni lori la kuhamisha vyombo.

Sababu mtaielewa haraka kuliko Wamarekani wengi, kwa kuwa nyumbani kwetu kila mtu anajua bei ya dola. Nordiques waliuza tiketi kwa dola za Canada na kulipa wachezaji kwa dola za Marekani. Mwaka 1995 dola moja ya Canada ilikuwa na thamani ya kama senti 73 za Marekani. Mishahara nayo ilikuwa inapanda kila mwaka, na wakati huo ligi haikuwa na kikomo cha mishahara, kwa hiyo New York waliweza kulipa wanavyotaka na mji mdogo wa Quebec ulilazimika kuwafuata. Timu ikizidi kuwa nzuri ndivyo mikataba yake inavyozidi kuwa ghali. Aubut alitaka uwanja mpya na msaada wa serikali, mazungumzo yakavunjika, na timu ikauzwa kwa kampuni ya Denver kwa dola milioni 75. Ile miaka mitano ya kushika mkia, kuchagua vijana, kuwasubiri wakue, yote waliilipia watu wa Quebec. Denver ilifika mezani chakula kimeshaiva.

(Denver nayo iliwahi kufanyiwa hivyo hivyo. Ilikuwa na timu ya hoki iliyohamishwa 1982 kwenda New Jersey, ikaitwa Devils, na Devils ndio waliochukua kombe Juni 1995, mwaka mmoja kabla yetu. Simtetei mtu hapa, naeleza tu.)

Ila, dada yangu wa Quebec, hapa nina neno la kukujibu. Timu iliyofika Denver haikuwa bado timu ya kombe. Meneja mkuu, Pierre Lacroix, mtu aliyewahi kuwa wakala wa wachezaji, aliendelea kusogeza kete. Sundin alikuwa ameshaondoka tangu 1994, kabadilishwa na Toronto kwa Wendel Clark, beki Sylvain Lefebvre na wengine. Oktoba 1995 Clark naye akatolewa katika mpango wa timu tatu, akaja Claude Lemieux, ambaye miezi michache kabla alikuwa ametajwa mchezaji bora wa mtoano wakati Devils wanachukua kombe. Mwezi huo huo Owen Nolan akapelekwa San Jose, akaja beki Sandis Ozolinsh. Hextall alikuwa ameuzwa New York Islanders 1993, na haki iliyopatikana ikawa Adam Deadmarsh.

Halafu likatokea la Montreal. Desemba 2, 1995, golikipa Patrick Roy wa Montreal Canadiens aliachwa langoni na kocha wake Mario Tremblay mpaka akafungwa mabao 9 na Detroit, mbele ya watu wake. Mchezo uliisha 11 kwa 1. Alipotolewa alimpita kocha bila kumsemesha, akamwendea rais wa klabu, Ronald Corey, aliyekuwa ameketi nyuma ya benchi, akamwambia huo ndio mchezo wake wa mwisho Montreal. Baada ya siku nne alikuwa Denver, pamoja na Mike Keane. Montreal walipokea Andrei Kovalenko, Martin Rucinsky na golikipa kijana, Jocelyn Thibault. Na Thibault alikuwa nani? Ni yule aliyechaguliwa 1993 kwa haki iliyotoka Philadelphia katika mpango wa Lindros. Kete ile ya 1992 ilikuwa bado inakula.

Roy alizaliwa Quebec, mji ule ule uliopoteza timu. Montreal na Nordiques walikuwa mahasimu wa jimbo moja, na sijaona mtu anayeamini kwamba Montreal wangekubali kumpa Roy hasimu wao wa jirani. Kwa hiyo timu ilibidi iondoke Quebec ndipo impate mtoto wa Quebec. Nilipofika hapo kwenye kusoma nilizima kompyuta nikaenda kutembea.

Juni 10, 1996, mchezo wa nne wa fainali dhidi ya Florida Panthers, mjini Miami. Ilikuwa 0 kwa 0 mpaka muda wa nyongeza wa tatu. Roy alizuia mikwaju 63. Aliyefunga ni Uwe Krupp, beki Mjerumani aliyeumia goti vibaya katika mchezo wa kwanza wa msimu na kukaa nje kwa miezi. Sakic alitajwa mchezaji bora wa mtoano, mabao 18. Honi zikaanza Denver, na Baba akadhani arusi.

Sasa tazama waliolibeba kombe usiku ule, uwatafute wale watatu waliochaguliwa namba moja 1989, 1990 na 1991. Hayupo hata mmoja. Sundin yuko Toronto, Nolan San Jose, Lindros Philadelphia. Wote watatu waligeuzwa kuwa watu wengine, na wote watatu walistaafu bila Kombe la Stanley. Timu yetu ilijengwa kwa wao kutokuwepo. Hili ndilo jambo ambalo nikiwa mtoto, na fulana yangu ya Sakic, sikuambiwa.

Kuhusu mikataba, kisa kimoja kinatosha. Agosti 1997 Rangers, wale wale waliomkosa Lindros, walimpa Sakic ofa ya miaka mitatu, dola milioni 21, na kati ya hizo milioni 15 zilikuwa za kulipwa mwanzoni kabisa. Sheria iliipa Denver siku saba: ilipe hivyo hivyo, au imwachie na kupokea haki tano za raundi ya kwanza. Rangers walipanga lile fungu la mwanzo makusudi, wakijua hela taslimu ndiyo inayouma. Denver ikalipa. Hapo ndipo nilipomwelewa Aubut kidogo, kwa shingo upande. Ofa ile ingefika Quebec, Sakic angeondoka.

Yaliyofuata nayapitia mbio. Kombe lingine 2001. Kikomo cha mishahara kikaja 2005, baada ya msimu mzima kufutwa kwa ugomvi, na Forsberg akaondoka mwaka huo kwenda Philadelphia, waliomchagua mwanzo kabisa. Timu ikashuka mpaka msimu wa 2016–17, pointi 48 katika michezo 82. Meneja mkuu wakati huo alikuwa nani? Joe Sakic! Yule aliyepatikana kwa kumtoa kipenzi cha mashabiki, sasa akatakiwa amtoe kipenzi cha mashabiki. Matt Duchene alitaka kuondoka, watu wakapiga kelele auzwe haraka, Sakic akakaa kimya miezi mingi mpaka Novemba 2017 alipopata bei aliyoitaka. Haki moja katika mpango huo ilikuja kuwa beki Bowen Byram, na beki Samuel Girard alikuja siku ile ile. Nathan MacKinnon alikuwa kwenye mkataba wa dola milioni 6.3 kwa mwaka, rahisi mno kwa mchezaji wa kiwango chake, na hela iliyobaki chini ya kikomo ndiyo iliyoleta wengine. Mmoja wao ni Nazem Kadri, aliyetoka Toronto 2019. Alifunga bao la muda wa nyongeza katika mchezo wa nne wa fainali ya 2022, kidole gumba kikiwa kimetoka kufanyiwa upasuaji. Baada ya ubingwa alilipeleka kombe msikitini kwao London, ile ya Ontario. Picha zake zilizunguka kwenye kundi la WhatsApp la familia yetu mpaka kwa shangazi Tanga, ambaye hajawahi kuona barafu nje ya friji. Mwezi huo huo Kadri alisaini Calgary, dola milioni 7 kwa mwaka kwa miaka saba. Denver haikuwa na nafasi ya kumlipa.

Nimemjibu dada wa Quebec. Nimemwambia Sakic, Forsberg na mabeki kama Adam Foote ni wao, waliwalea wao, na ile njaa ya miaka mitano ni yao peke yao. Nimemwambia pia kwamba Roy asingekuja. Akasikiliza, akanyamaza, halafu akasema baba yake bado ana jezi ya bluu ya Nordiques kabatini, na usiku ule wa 1996 aliangalia fainali mpaka mwisho na hakujua ashangilie au alie, kwa hiyo akaenda kulala. Amekubali kuja kwenye kipindi kijacho, na baba yake ataongea kama tutampigia baada ya kazi.

Mzee nimemwalika pia. Usiku wa kombe la 2022 mimi nilikuwa mjini kwenye ule umati, yeye nyumbani Aurora. Honi zilipofika mtaani kwake akanitumia ujumbe: "Arusi ya nani leo?"